Pampu Mpya ya Mama Neema

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika nyumba ya wageni ya Mama Neema, hapa Dodoma. Nilimshawishi anunue pampu ya bwawa la kuogelea inayokula umeme kidogo; akiridhika nayo, ataniajiri.

Wiki nzima salio la umeme kwenye luku lilishuka kidogo tu. Pampu ilikuwa kimya mno, nikahofia imekufa, kisha nikajituliza kwamba vya kisasa havina kelele.

Jumamosi Mama Neema akaita majirani waione. Maji ya bwawa yalikuwa ya kijani kama mlenda.

"Kijana, mbona wanaoogelea ni vyura?" jirani mmoja akauliza.

"Ni dawa, shikamoo," nikababaika.

Mama Neema akafuata waya wa pampu hadi ukutani. Plagi ilikuwa sakafuni. Kwenye soketi nilikuwa nimechomeka pasi yangu.

"Lakini shati lako limenyooka, mwanangu," akasema.