Mara Mbili kwa Kiganja

Mimi nina mtumbwi, na ninakaa Mudzipela, mtaa wa Bunia. Wageni wakisikia hivyo hucheka, kwa sababu Bunia haina ziwa, na vijito vyetu vinatosha kufulia nguo tu. Waache wacheke. Mtumbwi wangu unalala Kasenyi, kando ya ziwa, masaa mawili kwa pikipiki barabara ikiwa na adabu, siku nzima ikiwa imekasirika. Ni mrefu kuliko nyumba yangu, na kila ubao wake naujua.

Niliununua baada ya miaka mingi ya kuuza samaki sokoni, nilipochoka kuwangojea wenye mitumbwi waniuzie walichobakiza. Mume wangu ni mwalimu, mtu wa utaratibu, na aliniuliza kwa upole mimi na ziwa ni wapi na wapi. Nikamjibu kwamba yeye anafundisha jiografia ya nchi ambazo hajawahi kuziona na hakuna anayemuuliza. Mdogo wake alikuwa mvuvi kule kule Kasenyi, basi nikamfanya nahodha. Yeye huingia majini na wenzake watatu, mimi hushuka kutoka Bunia mara mbili kwa juma kuchukua samaki na kugombana na kila mtu kuhusu kila kitu. Hivyo ndivyo nilivyo, sikatai.

Mtu asiyejua huona ufuko wa Kasenyi na kudhani mitumbwi imetupwa tu pale, kila mmoja ulipochoka. Sivyo. Kila mtumbwi una nafasi yake, na nafasi inajulikana kwa kigingi kilichopigwa kwenye matope, ambako kamba hufungwa. Nafasi nzuri ziko katikati, ambako chini ni mchanga na wanawake wa samaki husimama karibu. Nafasi mbaya ziko mwisho, kwenye matete na mawe. Huko mtumbwi hutobolewa tumbo kwa msimu mmoja, na mabaharia wazuri hawakubali kuufanyia kazi. Yangu ilikuwa katikati. Aliyeniuzia mtumbwi aliniuzia na nafasi yake, na nilipojua thamani ya kile kipande cha matope nilijisikia kama nimepata kiwanja katikati ya Bunia.

Kushoto kwangu alikuwa mzee mmoja mvuvi wa nyavu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Kulia kwangu alikuwa mfanyabiashara mwenye mashua kubwa ya injini, anayevuka kwenda Uganda na kurudi na chumvi na sabuni.

Sasa, pale Kasenyi wana desturi. Ukifika kutoka majini, kabla ya kufunga kamba yako unagonga kwa kiganja pua ya mtumbwi wa jirani wa kushoto, mara mbili, halafu wa kulia, mara mbili. Ndivyo unavyowasalimu. Jirani asipokuwepo unaugonga mtumbwi wake hivyo hivyo. Mtumbwi ukiwa majini unagonga kigingi chake. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo, na mimi sikuuliza. Niliona tu mikono yenye magamba ya samaki na lami ikipigwa kwenye mtumbwi wangu kila asubuhi, na nikakasirika.

Kwa maana nilikuwa nimeupaka rangi. Bluu nzuri, ya mafuta, niliyoichagua mwenyewe mjini na kuishikilia mapajani juu ya pikipiki njia nzima. Baada ya mwezi mmoja pua ya mtumbwi ilikuwa na madoa ya viganja pande zote mbili. Nikamtafuta mwandishi wa vibao, nikampeleka Kasenyi, akaandika kwa herufi nyeupe, kubwa, kushoto na kulia: USIGUSE.

Nilirudi Bunia nikijisifu. Wiki iliyofuata nikakuta samaki wachache. Wiki ya pili mtumbwi ulikuwa umekwaruzwa upande mmoja, kwa sababu upepo uliusukuma na hakuna aliyeushika. Wiki ya tatu mabaharia wangu walikuwa wanauvuta wenyewe nchi kavu huku ufuko mzima umekaa unatazama. Nikamgeukia shemeji yangu, nikamwuliza hawa watu wana roho gani. Alikuwa anashona wavu, na hakuinua macho.

"Weye uliandika batu baache kugusa," alisema. "Sasa baliacha."

Ndipo akanieleza desturi yenyewe, kwamba wanaogongana ndio wanaosaidiana na kuambizana samaki waliko, polepole, jinsi mtu anavyomweleza mgonjwa habari mbaya. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Niliomba kisu, nikapiga magoti kwenye matope na kitenge changu kizuri, nikakwangua yale maneno herufi moja moja, huku mzee wa kushoto akiwa amekaa pale pale akitengeneza wavu wake. Kukwangua niliweza. Kusema nisamehe, muzee, sikuweza. Ulimi wangu una haraka ya kila kitu isipokuwa hicho.

Shemeji aliniambia baadaye kwamba watu wameanza kugonga tena. Mimi sikujua kama mzee naye yumo. Kila niliposhuka, yeye alinivulia kofia na kusema, "Bonjour, madame," kwa Kifaransa safi cha ofisini, akapita. Wengine wote aliwaita mama. Madame nilikuwa mimi peke yangu, na nilielewa vizuri sana alichokuwa ananiambia.

Mambo yakaendelea hivyo karibu mwaka mzima. Kisha ziwa likapanda.

Lilipanda kidogo kidogo, halafu kwa nguvu. Maji yalimeza vigingi vyote, yakaingia kwenye vibanda vya kukaushia samaki, yakasogeza ufuko mpaka penye nyumba za watu. Mitumbwi ikavutwa juu ovyo ovyo, popote penye nafasi. Wangu ulikuwa tayari juu ya magogo, nyuma kabisa, kwa sababu mbao mbili za chini zilikuwa zimeoza na fundi alikuwa ameziondoa. Haukuwa na tumbo. Ulikuwa umelala pale kama ng'ombe aliyechinjwa, nami nilikuwa nimebanwa Bunia kwa zaidi ya wiki mbili, barabara haipitiki.

Shemeji akanipigia simu. Mfanyabiashara wa mashua ya injini alikuwa anasema kwamba upande wake wa kushoto hakuwahi kuwa na jirani mwingine ila mzee. Alitaka nafasi mbili. Alikuwa anawaambia watu kwamba mimi ni mutalii tu, natoka mjini, nakuja nikipenda, na mtumbwi wangu umegeuka kuni. Mkuu wa ufuko alikuwa amepanga siku ya kugawa nafasi upya, na siku hiyo ilikuwa kesho yake.

Niliondoka alfajiri. Dereva wa pikipiki alinibeba nikiwa nimeshika mwavuli mkononi, matope mpaka magotini, mara tatu tukishuka na kusukuma. Njiani nilipanga hotuba. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mfanyabiashara yule, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kifaransa, na mawili ya Kilingala kwa dharura.

Nilipofika, shemeji akanishika mkono kabla sijafungua mdomo. Akaniambia utaratibu: mwenye nafasi hajisemei. Majirani zake ndio wanaosema. Akijisemea, ameshindwa.

Yaani mtumbwi wangu, na kazi ya mabaharia wanne, na jina langu kule Mudzipela ambako nilijigamba kwa kila mama wa sokoni, vyote vilikuwa vimening'inia mdomoni mwa mzee niliyemwandikia usiguse. Nilisimama nyuma ya watu, na kwa mara ya kwanza Kasenyi nzima ilinishuhudia nimenyamaza.

Mkuu wa ufuko, mtu mfupi mwenye daftari lililolowa, alianzia upande wa kusini. Aliagiza kila mwenye mtumbwi aingie majini na kafi lake, alichomeke mahali anapoamini ni pake, kisha agonge kushoto na kulia kama anavyogonga kila siku. Vigingi vilikuwa chini ya maji na hakuna aliyeviona. Lakini mikono ilijua. Mtu aliingia, akagonga kafi la jirani mara mbili huku na mara mbili kule, jirani akagonga lake, na mkuu akaandika. Wawili waliokuwa wamebadilishana mahali kwa kukosea waligundua wenyewe, wakacheka, wakahama. Ufuko ukajipanga upya mtu kwa mtu, mbele ya macho yangu, bila kelele.

Zamu ya mzee ikafika. Akaingia polepole, maji yakamfika kiunoni, akachomeka kafi lake. Akagonga jirani yake wa kushoto. Mfanyabiashara naye akaingia haraka, akachomeka kafi lake upande wa kulia wa mzee, karibu kabisa, akanyoosha mkono kumgonga.

Mzee akaweka kiganja chake juu ya kafi lake mwenyewe, akalifunika.

"Sogea kwanza," alisema. "Hapa katikati kuko mutumbwi."

"Mutumbwi gani? Miye naona maji tu."

"Ya mama wa Bunia. Iko mugonjwa, iko kule juu banaitengeneza. Miye niko nagonga hapa kila asubui. Na leo nitagonga."

Akainama, akapiga maji kwa kiganja. Mara moja. Mara ya pili. Maji yakamrukia usoni, hakuyafuta.

Sitasahau ile sauti hata nikizeeka nisahau majina ya watoto wangu. Mama wa Bunia, alisema. Kila asubuhi, alisema. Tangu nikwangue yale maneno, mzee alikuwa ananisalimu kila siku aliyorudi kutoka majini, mimi nikiwa Mudzipela nimelala au nabishana na wanunuzi, na hata baada ya mtumbwi wangu kuondolewa aliendelea kugonga kigingi, na kigingi kilipomezwa akagonga maji. Mbele yangu tu ndipo alipokuwa na Kifaransa.

Mkuu wa ufuko akauliza kama mwenyewe yupo. Nikapenya katikati ya watu, nikaingia majini na kitenge na viatu na kila kitu. Kafi sikuwa nalo. Nikachomeka mwavuli.

Watu walicheka, nami nikaona wana haki. Mzee hakucheka. Aligonga mpini wa mwavuli wangu mara mbili, kwa heshima ile ile aliyompa jirani yake wa kushoto. Nikageuka nikagonga kafi lake, kushoto kwanza, mara mbili. Kisha nikamgeukia mfanyabiashara. Alikuwa amekwisha kusogea pembeni hatua nne, mahali pake pa zamani, bila kuambiwa na mtu. Nikanyoosha mkono, nikagonga kafi lake mara mbili, maana desturi ni desturi. Yeye akatazama ufuko, ufuko ukamtazama. Akanyoosha kidole, akagusa mwavuli wangu mara moja.

"Mara mbili," nikamwambia.

Zile hotuba zangu zote za njiani ziliishia katika maneno hayo mawili, na nasema kweli, sijawahi kuhutubia vizuri zaidi. Akagonga tena. Mkuu akaandika.

Jioni ile nilimfuata mzee alipokuwa anakunja wavu. Nilimwomba msamaha, kwa sauti, shemeji akisikia. Alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi, akaniuliza kama tumbo la mtumbwi litakuwa tayari kabla ya mvua kubwa. Tukazungumza habari za mbao mpaka pikipiki yangu ikapiga honi.

Tumbo lilikuwa tayari kwa wakati. Mwezi uliofuata tuliuteremsha majini, mbao mpya, pamba na lami kwenye kila mwanya, na rangi ya bluu kutoka duka lile lile la mjini. Watu kumi na zaidi waliushika kuuteremsha, wengine hata majina yao siyajui. Nilisimama kwenye pua nikitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata, na nilikuwa na fahari kama bibi harusi. Nafasi yangu ilikuwa pale, upana wake kamili, baina ya mzee na mashua ya injini.

Asubuhi yake mzee akaingia kutoka majini na samaki wake. Kabla ya kufunga kamba aligonga kushoto. Kisha akagonga pua ya mtumbwi wangu, mara mbili, akautazama mkono wake. Kiganja kizima kilikuwa bluu, na kwenye mbao alikuwa ameacha alama ya vidole vyake vyote vitano.

"Rangi haiyakauka, mama," alisema, naye alionekana kuona haya.

"Gusa tu, muzee," nikamjibu.

Akafuta mkono kwenye kaptula yake, akaenda kufunga kamba. Ile alama bado ipo. Fundi hupaka rangi kila mwaka, na kila mwaka mimi husimama nyuma yake kuhakikisha anaizunguka.