Walinzi Wawili, Kompyuta Moja

Mdarizi yule alikuwa na ulimi, hilo mtaa mzima unalijua, lakini maneno aliyomwambia wifi yake asubuhi ile, hata yeye alitamani baadaye ayameze.

Waliishi pamoja tangu mumewe alipofariki: yeye na wifi yake, mwalimu wa sekondari, dada wa marehemu. Kompyuta ilikuwa moja, pale sebuleni chini ya dirisha, na kila mmoja alikuwa na akaunti yake na nywila yake. Ndani ya akaunti ya mdarizi kulikuwa na maua. Marehemu ndiye aliyemchorea, moja moja, ili mashine ya kudarizi iyasome na kuyashona kwenye vitambaa. Mengine hakuwahi hata kuyashona. Aliyaweka tu, kwa kuogopa yasije yakaisha.

Kosa lao lilikuwa la watu wanaoheshimiana kupita kiasi. Mwalimu, kwa kuhofia mitihani yake, aliweka programu ya kuzuia virusi. Hakumwambia mtu, kila mtu na chumba chake, kila mtu na kufuli lake. Mdarizi naye, kwa mawazo yaleyale, akaweka ya kwake. Nani angewaambia kwamba akaunti ni mbili lakini mashine ni moja, na mlinzi ukimwajiri analinda nyumba nzima?

Kompyuta ikaanza kujikokota. Ukishaiwasha, nenda kaoshe vyombo, uvifute na uvipange, ndipo urudi. Kisha asubuhi moja mdarizi akafungua folda ya maua, akakuta tupu. Akaifunga, akaifungua tena. Tupu. Alilia kama siku ya msiba, na alipomaliza kulia akatafuta wa kumlaumu, na nyumbani hapakuwa na mwingine.

"Kompyuta hii tunaitumia wawili," alimwambia wifi yake. "Mimi sikufuta. Haya, kikulacho ki nguoni mwako."

Mwalimu alichukua mkoba wake akaenda kazini, na tangu hapo salamu zikawa za kulazimishana: umeamkaje, salama, basi. Chai walikunywa, ila kila mtu aliangalia kikombe chake.

Mwishowe mwalimu ndiye aliyemwita fundi wa kompyuta, mama mmoja mcheshi, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Fundi akakaa, akachungulia huku na kule, akacheka chinichini.

"Mna walinzi wawili humu," akasema. "Na fahali wawili hawakai zizi moja, mnajua wenyewe. Huyu akigusa faili kulikagua, yule anadhani kaona mwizi, analikamata faili. Kutwa kucha ni kukamatana. Mashine itaachaje kuchoka?"

"Na maua yangu?" mdarizi akauliza.

"Hayajafutwa. Yamewekwa karantini tu, wanakofungia mafaili wanayoyashuku." Akabonyeza hapa na pale. "Haya hapa. Na aliyeyashika ni huyu uliyemleta wewe, dada. Mlinzi wako mwenyewe."

Mdarizi aliona aibu, ile ya kutamani ardhi ipasuke. Fundi akayarudisha maua kwanza, kisha akaiondoa programu ya mdarizi, akaibakiza ya mwalimu na kuiagiza isiyaguse mafaili yale. Mmoja anatosha, alisema, akafunga begi lake na kwenda zake.

Mdarizi akabaki kwenye benchi mbele ya kioo cha kompyuta, anayapitisha maua kwa kidole, hayaoni vizuri kwa machozi.

"Wifi, nisamehe," akasema. "Nilikutamkia neno baya."

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake.

"Neno nililisamehe siku ileile," akajibu polepole. "Hasira husema. Ila ulidhani mimi ningefuta kazi ya mkono wa kaka yangu? Na mimi nilifiwa, wifi. Tangu tumzike hujanionyesha hata ua moja."

Mdarizi alisogea, akampisha nusu ya benchi, akafungua ua la kwanza.