Jina la Tisa Halikuwaka

Siku ya kuondoa matanga ya mume wangu, pale Sange, uani kwetu, tulikuwa hawa: mimi mjane, watoto wetu tisa, mdogo wa marehemu, aliyeshika lungo la kupepetea, lenye mbegu za mpunga, na mjukuu wangu, binti ya mwanangu mkubwa, yule aliyesomea ordinateri, yaani kompyuta, Uvira mjini. Majina yao yote niko nayo kichwani, hata ya majirani waliokaa karibu na jiko. Hapa siyaandiki. Utaona kwa nini.

Wanane nilizaa. Wa tisa, kwa hesabu si kwa umri, nilimpokea akiwa na siku nne, mama yake, jirani yetu wa zamani kule Katogota, alipofariki. Alinyonya titi moja na mwanangu wa sita. Mume wangu hakumwita kingine ila "binti yangu" mpaka anakufa.

Katika ukoo wetu, siku hiyo watoto wanaitwa mmoja mmoja. Anayeitwa anachota mbegu kwenye lungo la baba. Aliyechota ana sehemu yake shambani. Asiyechota ni mgeni, amekuja kula tu.

Daftari la ukoo lilikwenda na maji, ziwa lilipopanda likaingia nyumba yetu ya Songo, kule Uvira. Ndipo mjukuu akasema atatengeneza ukurasa wa internet, ukoo wote uonekane, hata kwa walio mbali. Siku tatu nilimtajia majina, yeye akiandika. Akacheka, akiniita koko, yaani bibi: "Koko, kichwa yako inapita ordinateri!" Nami nikafurahi kama mjinga.

Basi siku ile akaweka ordinateri mezani mbele ya baba yake. Majina ya ukoo yakajaa. Akaandika mstari mmoja wa amri, akabonyeza, watoto wa marehemu wakawaka kijani. Mwanangu mkubwa akasoma, mmoja mmoja wakachota. Alipochota wa nane, mkubwa akafunika lungo kwa kitenge.

Binti yangu wa tisa alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Akaurudisha.

"Bado mmoja," nikasema.

"Mama, tunafuata mashini," mkubwa akajibu. "Mashini haina upendeleo."

Nikamgeukia mjukuu. "Weye, jina lake sikukutajia?"

"Ulinitajia, koko. Iko pale." Kweli lilikuwepo, jeusi, katikati ya yale ya kijani.

"Kwa nini haliwaki?"

Akaeleza akitazama chini. Kila jina lina alama nyuma yake, msomaji haioni. Amri yake haitazami jina, inatafuta alama. Ukiiambia ilete wenye alama ya "mtoto", inaleta hao tu, herufi kwa herufi.

"Na huyu ulimpa alama gani?"

Akamtazama baba yake.

"Iite hiyo alama. Tuione."

Akaandika "mlelewa", akabonyeza. Kijani yote ikazimika. Likawaka jina moja, peke yake, mbele ya watu wote.

"Nani alikutuma?"

"Papa. Juzi, weye uko sokoni." Akaanza kulia. "Koko, ni neno moja tu, nibadilishe sasa hivi?"

Neno moja! Siku tatu alikaa miguuni pangu. Kila jina nilimpa pamoja na habari yake. Habari ya titi moja aliijua.

Nikafunua lungo, nikaita tisa upya, kwa mdomo wangu. Wengine walitazama chini. Wa sita peke yake ndiye aliyeitika. Nilipofika kwa wa tisa, alikuwa amekwisha kutoka, amepanda gari barabarani.

Mbegu zake nilizifunga pembeni mwa kitenge. Msimu wa kupanda umepita, hajaja kuzichukua. Na mjukuu, akinipigia simu, ninamsalimia, basi.

Ninyi mlio wa ukoo, mnaosoma haya, kama nimekosea nani alikaa wapi, au kijani ilikuwa bluu, munirekebishe. Lakini munirekebishe mbele yangu, kwa sauti, nikisikia. Si nyuma ya jina, kama alama ile.