Kiuno cha Suruali ya Baba

Suruali ya kijivu ya marehemu baba ilinienea kiunoni bila mkanda, na hilo ndilo lililoniogofya. Waliokuwa sebuleni kwetu mtaani Umoja, Nairobi, walifurahi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa amesafiri kutoka magharibi kuja kusimamia ugawaji wa nguo, alipiga makofi mara moja na kusema, "Mtazameni. Amerudi."

Nguo ambazo baba aliacha kijijini zilikuwa zimekwisha kugawiwa baada ya mazishi. Hizi za Nairobi ndizo zilizobaki, na katika ukoo wetu mtoto wa kwanza wa kiume huvaa moja mbele ya watu kabla wengine hawajachukua zao. Kwa hiyo nilisimama katikati ya zulia, kidole gumba kikiwa kimebanwa kati ya kitambaa na tumbo, nikijaribu kupumua kama mtu asiyehesabu pumzi zake.

Nisipoeleza kazi yangu, hofu hiyo itaonekana ya kitoto. Ninasomea shahada ya uzamili katika jenetiki, na tasnifu yangu inahusu swali linaloonekana dogo: kwa nini mwili wa mtu mmoja hupeleka mafuta mapajani na makalioni, na wa mwingine huyarundika tumboni, hata kama watu hao wamelelewa kwa sufuria moja. Hakuna jeni moja ya kitambi. Kuna tofauti ndogo ndogo nyingi zilizotawanyika katika DNA, kila moja ikiwa na msukumo hafifu, na nyingi zikionekana kuwa na nguvu zaidi kwa wanawake. Zikijumlishwa, na zikikutana na chakula, umri na mazoea ya mtu, husaidia kuamua mafuta yaelekee wapi.

Hadi hapo ningeweza kulala usingizi. Lakini mafuta ya chini ya ngozi ya mapaja na makalio yamekaa mahali penye usalama kiasi. Hapo ni ghalani. Mtu aliyezaliwa na ghala dogo, mafuta yake yakizidi, hutafuta pengine pa kukaa: huingia kwenye ini, huzunguka matumbo, na sukari ya damu huanza kuvurugika. Mtu huyo anaweza kuwa na mikono myembamba na miguu kama ya korongo.

Hiyo ilikuwa sura ya baba. Alikuwa karani wa reli, mwenye miguu ambayo soksi hazikukaa juu, na tumbo ambalo majirani walilisifu kama cheo. Kisukari kilimchukua macho kwanza, kisha figo, kisha mwenyewe. Nami nina miguu yake.

"Shangazi, huyu hajarudi kama buda wetu," dada yangu alisema kutoka kwenye kiti cha mikono. Yeye anaishi katika chumba kimoja kati ya vile tulivyojenga nyuma ya nyumba, na huuza nguo za watoto barabarani hapo nje. "Tumbo iko wapi?"

"Wewe nyamaza," shangazi alimjibu. "Hayo makalio yako ndiyo yatakuletea sukari ya babako. Muulize ndugu yako, yeye si ndiye amesomea?"

"Haya nimeyakalia tangu kidato cha kwanza, na hayajaniletea shida. Haya, daktari wa vitabu, sema."

Wote walinigeukia. Nilitaka kusema kwamba kati yetu wawili, wa kuogopewa si yeye. Kwamba makalio aliyoyarithi upande wa mama, ambayo kila harusi watu huyatolea maoni, huenda yanamlinda. Niliyapima maneno, nikayapunguza, nikaongeza tahadhari, mpaka likabaki neno moja.

"Inategemea."

"Inategemea," dada alirudia. "Karo yote hiyo, inategemea."

Nilianza kufungua kishikizo. Nikasema wampe mtu mwingine suruali ile.

Shangazi aliuondoa mkono wake kwenye rundo la nguo. "Unaikataa nguo ya babako?"

"Siikatai, shangazi. Sitaki tu kuivaa."

"Na hiyo uliyovaa sasa ni ya nani?"

Niliingia chumbani na kufunga mlango. Mbele ya kioo cha kabati nilipanga hoja zangu. Suruali hii aliivaa miaka yake ya mwisho. Mimi imenienea. Kwa hiyo kiuno changu, kabla sijafika hata nusu ya umri wake, ni kiuno alichokufa nacho. Nilibana nyama ya tumbo kwa vidole, nikapata kidogo sana, na hicho kidogo hakikunifariji. Mafuta ninayoyaogopa hayabanwi kwa vidole. Yako nyuma ya misuli, mahali ambapo kioo hakifiki.

Mama aliingia bila kubisha. "Umetuachia shangazi yako amenuna kule."

"Mama, kiuno changu kimefika cha baba."

Alinitazama usoni kwanza, akahakikisha kwamba sikuwa ninatania. Kisha akainama, akaushika upindo wa juu wa suruali kwa mbele, akaugeuza. Palikuwa na mkunjo wa kudumu ulioviringika kuelekea nje, kitambaa kimeng'aa kwa kusuguliwa.

"Huu nimeupigia pasi miaka mingi, haujanyooka," alisema. "Babako hakuvaa suruali kiunoni. Alifunga huku chini, tumbo likakaa juu ya mkanda kama gunia juu ya mkokoteni. Ndiyo maana alikuwa anajigamba saizi yake haijabadilika tangu aajiriwe."

Katika tasnifu yangu kuna sura nzima kuhusu mahali pa kupitisha tepu: kati ya ubavu wa chini kabisa na ncha ya mfupa wa nyonga, mpimwa akiwa ametoa pumzi. Niliiandika upya mara kadhaa. Hata hivyo, nilikuwa nimeipima hatima yangu kwa mkanda wa mtu ambaye hakuwahi kuufunga mahali hapo.

Nilipaswa kutulia. Badala yake niliona kwamba nimepoteza ushahidi, nami kukosa ushahidi wa ugonjwa sijawahi kukuhesabu kuwa afya. Nadhani mama aliliona hilo likipita usoni pangu.

"Kama unataka kujua tumbo lake, vaa shati," alisema.

Alichomoa shati jeupe la kanisani. Nikalivaa, nikafunga vishikizo vyote. Mbele yangu lilisimama wazi kama hema. Pale ambapo baba alikuwa, palikuwa na hewa. Mama alipita nyuma yangu, akakusanya kitambaa kilichozidi, akakishika kwa ngumi mpaka shati likanikaa sawasawa.

"Umeona?" akasema. Kisha, kwa upole, akiwa na nia ya kunituliza, akaongeza, "Aliponioa alikuwa hivi hivi ulivyo."

Sikugeuka. Niliweza kuhisi ngumi yake mgongoni, na nadhani alihisi nilivyokakamaa, kwa sababu aliuliza kipimo cha sukari ya damu kinafanywaje.

"Asubuhi, kabla ya kula."

"Basi twende sote. Na dada yako."

Tulikwenda kwenye zahanati ndogo upande wa Donholm, matumbo matupu, dada akilalamika njia nzima kwamba anapelekwa kuthibitisha maneno ya shangazi. Sukari yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Ya mama pia. Yangu ilikuwa imepanda, bado haijafika kiwango cha kuitwa ugonjwa, na mhudumu aliyesoma majibu aliniangalia miguu, akaiangalia karatasi tena, akauliza kama majina hayajachanganywa.

"Hayajachanganywa," dada alijibu kabla yangu. Nilingoja aongeze mzaha. Alinishika tu kiwiko, na tulipofika kwa muuza mandazi wa kona yetu, ambaye hatujawahi kumpita bila kununua, yeye ndiye aliyetangulia kumpita bila kusimama.

Suruali niliichukua, na shangazi alirudi magharibi akiwa ameridhika. Sijaivaa tena, maana haina la kuniambia. Lakini shati linaning'inia nyuma ya mlango wa mama. Kila ninaporudi Umoja kutoka chuoni, kabla ya chai, ninalivaa na kufunga vishikizo vyote. Mama hupita nyuma yangu, hukusanya kitambaa kinachozidi, akisikiliza kama ngumi yake bado inajaa.