Nilipompima Kulwa kwa Rula ya Doto

Nakumbuka vizuri zaidi siku nilizoaibika, mwanangu, na hii ni mojawapo: siku mama yangu alipomwaga pamba uani kwake Kishapu na kunionyesha kwamba sijawahi kuwatazama wanangu.

Umri wangu ulikuwa kama wako sasa. Nilikuwa mwalimu wa sekondari Geita, nina shahada moja ukutani na mapacha wa kike sebuleni. Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, kama Wasukuma tunavyowaita mapacha bila kusumbuka kutafuta majina. Walikuwa na miaka saba. Kulwa alipanda kila kilichopandika: kochi, dirisha, mgongo wa mgeni. Alizungumza akila, akazungumza akipiga mswaki. Doto alikaa. Ungemwacha mahali asubuhi, mchana ungemkuta hapohapo, macho yake mbali, kama anayengoja gari la kwenda Buseresere ambalo halina haraka.

Mwalimu wao alilalamika mara moja tu kwamba Kulwa anasumbua darasani. Mara moja ilinitosha. Nilikuwa nimenunua simu yenye intaneti, na msomi mwenye simu ni mtu wa kuogopwa. Kwa muda wa kunywa chai nikawa nimesoma kuhusu hali ambayo madaktari huiita ADHD, ya watoto wanaoshindwa kutulia au kushika jambo kuliko wenzao, nikampa Kulwa ugonjwa huo kabla kikombe hakijapoa. Ushahidi wangu ulikuwa Doto. Wamezaliwa siku moja, wanakula sufuria moja. Mmoja anatulia, mwingine hatulii. Doto akawa rula, nikampimia Kulwa.

Samaki mkunje angali mbichi, nikasema. Kila jioni nilimkalisha Kulwa kwenye kigoda, mikono magotini, nusu saa. Nakiri hili kwa shida. Kufikia dakika ya kumi alikuwa analia kimyakimya, na mimi nikahesabu kilio hicho kuwa maendeleo. Nikapanga kwamba likizo ya mwezi wa sita ikiisha nitampeleka hospitali nikaombe dawa ya kumtuliza.

Likizo hiyo tukaenda kwa mama. Tulimkuta katikati ya mavuno, uani kuna turubai, juu yake kilima cha pamba. Kama hujawahi kuchambua pamba, kazi yenyewe ni hii: nyeupe safi unaweka upande mmoja, ile iliyochafuka au kupigwa na mvua, ambayo tunaiita fifi, unaweka upande mwingine. Haina utamu wowote. Ndiyo maana hupewa watoto.

"Mwangaluka, wake wenzangu," mama aliwasalimu wajukuu, kwa utani wa bibi. "Leo mtakula kwa jasho. Kila mtu na fungu lake."

Nikakaa kivulini na gazeti. Kulwa alianza kuimba. Akamuuliza bibi kwa nini kuku hana meno. Akainuka kumfukuza mbuzi, akarudi. Akainuka kumtazama tena yule mbuzi kama amekoma, akarudi. Doto aliketi miguu imenyooka, kimya, pamba mkononi.

"Kulwa!" nikafoka. "Mwone mwenzako alivyotulia! Debe tupu haliachi kuvuma."

Mama hakuniangalia. Alisogea akainama kwenye fungu la Kulwa. Lilikuwa limekwisha: nyeupe huku, fifi kule, na mchwa mmoja amewekwa pembeni kwa heshima. Kisha akainama kwenye fungu la Doto. Lilikuwa kama alivyomwagiwa. Alikuwa ametoa pamba chache, akazirudisha fifi kwenye nyeupe, na ile ya mkononi ilikuwa ileile aliyoishika tulipokaa.

"Baba Kulwa," mama akaniita, "huyu ametulia kweli. Kazi yake iko wapi?"

Nikasema labda amechoka na safari.

"Labda," akasema. "Nitamtazama."

Akamtazama wiki nzima. Alimtuma Doto kibiriti na chumvi. Mtoto akaondoka mbio, akakutwa amesimama katikati ya ua hana kimoja wala kingine, akijaribu kukumbuka, machozi yakimlenga. Ndala moja ilipotea Jumatatu, ya pili Jumatano. Hadithi ya bibi alianza kuisikiliza, katikati akawa hayupo. Siku ya tatu nilisema mbele yake kwamba ni uvivu. Mama akasubiri mtoto aende kuoga, kisha akanigeukia.

"Usimwite hivyo tena hapa kwangu. Mvivu hukataa kazi. Huyu hakatai. Anataka, halafu linamponyoka. Na wewe unampima mtoto kwa kelele, kama mtu anayekwenda mnadani Mhunze akanunua ng'ombe kwa kusikiliza kengele. Baba yako alikuwa anamtazama ng'ombe akila, akitembea, akinywa maji. Wewe wanao umewatazama wapi?"

Niliwaona sebuleni tu, jioni, nikiwa nasahihisha madaftari. Na hapo Kulwa alinisumbua, Doto hakunisumbua. Huo ndio uliokuwa utafiti wangu wote.

Tuliporudi Geita nikafungua daftari za Doto, ambazo nilikuwa nikizisaini bila kuzisoma. Kila ukurasa mistari miwili ilikuwa safi, mwandiko mzuri kuliko wangu, halafu hakuna kitu. Mwalimu wake, nilipomuuliza, alifikiri kidogo kabla ya kumkumbuka. "Ah, yule mpole. Huyo tumepanga arudie darasa, hashiki kitu." Ndipo nilipoogopa. Binti yangu alikuwa anazama mbele ya watu wazima wawili wenye vyeti, na kwa kuwa hakupiga kelele tulimsifu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo niliijua tangu darasa la pili. Sikujua ilikuwa inaishi nyumbani kwangu.

Mimi na mke wangu tukaenda hospitali na watoto wote wawili. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, hakumpa mtu ugonjwa siku hiyo. Aliuliza. Hali hii ilianza lini? Ni nyumbani tu, au na shuleni, na kwa bibi? Ukimlinganisha na watoto wengi wa umri wake, si na pacha wake, ikoje? Inamzuia kusoma, kucheza, kupata marafiki? Analala vizuri? Akampima masikio na macho, akaomba maelezo ya mwalimu, akatuita tena, na tena. Mwisho ndipo alipotuambia kwamba Doto ana hali hiyo niliyoisoma, ile ya wasiokimbia bali akili ndiyo inayotangatanga. Kulwa, alisema, ni mtoto wa miaka saba.

Nikamweleza habari ya pamba, kwa fahari. Akacheka. "Bibi ana macho. Lakini pamba si kipimo. Wapo wenye hali hii wanaokimbia kuliko huyu Kulwa wako, na wapo wanaokaa saa mbili kwenye katuni. Pamba imekufanya uulize, basi." Akaongeza kwamba si malezi mabaya wala uchawi, na kwamba mara nyingi hutembea katika ukoo. Mke wangu akanitazama, mimi ninayeunguza maharage kila ninapoachiwa jiko. Nikatazama dari.

Hatukuanza na dawa. Tulianza na kumweka Doto dawati la mbele, kumpa agizo moja badala ya matatu, kugawa kazi vipande vidogo, na kumsifu anapomaliza kipande. Hakurudia darasa. Leo anasomea uuguzi, ana kijidaftari mfukoni kinachojua kila kitu anachosahau, na ndala zake hupotea bado. Kulwa anauza vitenge mnadani. Wateja wake wanasema hanyamazi. Kigoda nilikipasua kuni.

Basi, mwanangu, kama mtoto wako anaruka, mwangalie kwanza kama anarudi: mchezo ukiisha anatulia? Aliloanza anamaliza, hata kwa kelele? Ana wenzake? Huyo mpe uwanja. Lakini asipotulia au asipomaliza, na akaonekana hivyohivyo nyumbani, shuleni na ugenini, mwezi baada ya mwezi, kupita wenzake wa umri wake, na jambo hilo likawa linamuumiza, mpeleke kwa daktari, na umpeleke ili uulize, si ukiwa na jibu mfukoni kama mimi. Na ukishamaliza kumtazama anayekusumbua, geuka umtazame asiyekusumbua.

Mungu akujalie nyumba yenye makelele, mwanangu, na akupe masikio ya kumsikia aliyenyamaza ndani yake.