Shaba Niliyoing'arisha

Harufu ya majivu na ndimu hunirudisha Buyenzi, kule Bujumbura, uani kwetu, siku ya kuamkia Idi. Mama alitoa masinia na birika za shaba, nasi watoto tukavisugua hadi mtu ajione pua. Shule sikufika mbali, lakini sinia langu lilisifiwa mtaa mzima. Mama akasema, "Mwanangu, wewe una mkono." Sijui kama nimewahi kusifiwa hivyo tena, hata nilipooa, ingawa hayo ni mengine.

Nimemkumbuka rafiki yangu Anselme, ndiyo maana nasema haya. Alikuwa mwalimu Bukavu. Hapa Stockholm alifagia ofisi. Kila Jumamosi alitoka Hjulsta, mwisho kabisa wa reli, akaja kwangu Alby kunywa chai. Alipenda sarafu za majaribio za Marekani ya kale, vipande vilivyopigwa nchi ile ilipokuwa bado inatafuta sura ya kuweka kwenye pesa zake. Vingi alikuwa navyo vitabuni tu. Cha kweli kilikuwa kimoja, cha shaba, chenye mwanamke wa nywele timtim.

"Kinanunua nini?" nilimwuliza.

"Hata kiberiti hakijanunua, Baba Zena. Kilijaribiwa, kikakataliwa."

"Kama cheti chako cha ualimu!"

Akacheka hadi chai ikamwagika. "Ndiyo maana tunapatana, mimi nacho."

Kiangazi kimoja akalazwa Flemingsberg. Akaniachia kipande kile ndani ya pamba. "Unitunzie, ndugu yangu."

Kilikuwa cheusi kama sufuria ya maharagwe. Nikaona haya kwa niaba yake. Nikachota majivu kwenye jiko la kuchomea nyama la uani, nikakata ndimu, nikasugua asubuhi nzima.

Alipotoka hospitali, amekonda, nilimwekea kwenye kisahani, kinawaka. Nikasubiri sifa, mzee mzima, kama siku ya kuamkia Idi. Akakishika dirishani, muda mrefu.

"Nywele zake ziko wapi?"

"Nimekisafisha, kaka."

"Miaka yote ile ilikuwa juu yake, lakini umeiosha kwa ndimu." Hakupaza sauti.

Hadi leo kiko kabatini kwangu. Pembeni kimeanza kurudisha weusi, taratibu mno, nami sikigusi. Masinia ya mama yalitaka mkono wangu. Hiki kilitaka niuzuie tu.

Siku ile nilimwambia, "Kaka, chai inapoa." Akakirudisha kisahanini, akavaa koti, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja, akaenda zake, na hakurudi tena.