Taya la Kwao

Jumamosi sokoni Lushoto, nikiwa nachagua plamu, dada mmoja mwenye kovu chini ya sikio aliinama mbele ya bibi muuzaji. "Shikamoo bibi."

Bibi alimkazia macho kwanza, kisha akamnyooshea kidole. "Marahaba. Wewe ni wa Malindi ya huku kwetu milimani, mjukuu wa yule mrina asali. Taya hilo nalijua!"

Dada akapiga vigelegele, soko zima likageuka.

Akatusimulia. Pikipiki ilimvunjavunja taya kule Mazinde. Hospitalini mjini, kabla ya kumtengenezea taya la bandia, daktari alimwonyesha mchoro wake kwenye kompyuta. "Unalionaje?"

"Zuri sana, daktari, ila si langu. La kwetu limechomoza, na kushoto limezidi." Akamtolea picha ya babu yake kwenye simu.

Daktari hakununa. Alimsogezea kiti, wakalichora upya wote wawili, dada akielekeza: "Toa nje kidogo. Tena. Hapo hapo!"

Nikajiwazia: fundi cherehani akikosea kola, tunamrudishia gauni siku hiyohiyo. Mbele ya daktari tunaitikia "ndiyo" tu, hata anapozungumzia sura zetu wenyewe.

Bibi akaongeza plamu juu ya fungu la dada. "Chukua, mjukuu wangu. Taya la kwenu halijawahi kushindwa na tunda."

Mimi nikasogeza fungu langu karibu, nikainua na kidevu. Sikuongezewa hata moja.